Je, Wajua? Sinema Inavyotuingia kwa Masikio

Filamu ya kutisha inapopamba moto, fumba macho: hofu itabaki palepale. Sasa ziba masikio uone yule muuaji anavyogeuka mwigizaji tu aliyeshika kisu cha bandia. Waongozaji wa filamu wanalijua hilo tangu zamani, na hizi ni baadhi ya mbinu zao.

Je, wajua kwamba mauaji ya bafuni katika *Psycho* (1960) yalikusudiwa yasiwe na muziki? Alfred Hitchcock alitaka yasikike maji, kisu na mayowe, basi. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akaandika muziki vivyo hivyo, na Hitchcock alipousikia akasalimu amri. Filamu nzima Herrmann aliipigia ala za nyuzi peke yake: hamna tarumbeta, hamna zumari, hamna ngoma. Na ile sauti ya kisu kikizama mwilini? Ni tikiti lililochomwa kisu.

Je, wajua kwamba fidla zile hutushtua kwa sababu moja na kilio cha mnyama aliyenaswa? Mwanabiolojia Daniel Blumstein wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, huchunguza maramoti, wanyama wa milimani wa jamii ya kindi. Watoto wao wakikamatwa hupiga yowe lililopasuka, lenye mkwaruzo. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa filamu 102. Katika zile za kutisha walikuta mayowe ya mkwaruzo mengi kuliko walivyotarajia.

Je, wajua kwamba papa wa *Jaws* (1975) ni noti mbili tu? John Williams alipompigia Steven Spielberg noti hizo kwenye piano, Spielberg alicheka akidhani anataniwa. Papa wa bandia alikuwa akiharibika kila mara baharini, kwa hiyo muziki ndio uliotangaza kwamba yumo majini. Sasa angalia ujanja wenyewe. Watoto wawili wanapowatisha waogaji kwa pezi la kadibodi, noti zile hazipigwi kabisa. Mtazamaji anazoea: pasipo muziki, papa hayupo. Kisha mkuu wa polisi anamwaga chambo nyuma ya mashua, hana habari, na papa halisi anaibuka bila noti hata moja. Ukumbi mzima unaruka.

Je, wajua kwamba muuaji anaweza kutambuliwa kwa mluzi? Katika *M* (1931) ya Mjerumani Fritz Lang, muuaji wa watoto hupiga mluzi wa wimbo uleule wa Edvard Grieg, na anayemtambua ni kipofu muuza maputo. Mwigizaji Peter Lorre hakujua kupiga mluzi, hivyo unaousikia ni wa Lang mwenyewe.

Je, wajua kwamba *The Birds* (1963) haina muziki wa kawaida wa filamu? Makelele mengi ya ndege wale yalitengenezwa Berlin na Oskar Sala, kwa ala ya umeme iitwayo trautonium.

Je, wajua kwamba kuna filamu ambayo waigizaji walitembea kwa kufuata muziki? Ennio Morricone alitunga muziki wa *Once Upon a Time in the West* (1968) kabla ya kamera kuwashwa, na Sergio Leone akawa anaupiga mahali pa kurekodia. Lakini mwanzo wa filamu hiyo hauna wimbo. Majambazi watatu wanasubiri treni. Kinu cha upepo kinalia kwa kukosa grisi, nzi anazunguka ndevu za mmoja, tone la maji linadondokea kofia ya mwingine. Hakuna linalotokea, na moyo unakwenda mbio.

Je, wajua kwamba vifuu vya nazi viligeuzwa kwato za farasi? Ni mbinu ya kale ya mafundi wa vishindo. Kazi yao Hollywood huitwa kwa jina la Jack Foley, aliyeanza kuifanya filamu zilipoanza kusema. Wanga wa mahindi uliotiwa mfukoni na kuminywaminywa huwa nyayo kwenye theluji. Mashina ya seleri yakivunjwa huwa mifupa.

Je, wajua kwamba mngurumo wa Godzilla (1954) hautoki kwa mnyama? Mtunzi Mjapani Akira Ifukube alitumia glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu, ikaburutwa juu ya nyuzi zilizolegezwa za besi kubwa. Sauti ikapunguzwa kasi, jitu likazaliwa.

Je, wajua kwamba ndama wa tembo wa Arusha walimpa Henry Mancini mojawapo ya nyimbo zake maarufu? Filamu ni *Hatari!* (1962), iliyorekodiwa Tanganyika na John Wayne akiwa nyota. Ndama hao wanapofuatana na mwigizaji Elsa Martinelli kwenda kuoga, Mancini hakupiga ngoma za porini. Alichukua klarineti ndogo na kinanda cha sarakasi, ukumbi ukacheka. Wimbo huo unaitwa *Baby Elephant Walk*.

Je, wajua kwamba Miles Davis alitia muziki filamu nzima ndani ya usiku mmoja? Ilikuwa Paris, Desemba 1957. Louis Malle alimwonyesha vipande vya *Ascenseur pour l'échafaud* ukutani, naye na wenzake wanne wakapiga papo hapo wakivitazama. Jeanne Moreau anatembea barabarani usiku akimtafuta mpenzi wake, na tarumbeta inamsemea.

Je, wajua kwamba saa inayogonga katika *Dunkirk* (2017) ni ya Christopher Nolan mwenyewe? Nolan aliirekodi akampelekea mtunzi Hans Zimmer, naye akaichanganya na sauti zilizopangwa hivi kwamba sikio husadiki zinapanda bila kufika kileleni. Ndiyo maana pumzi hairudi.

Je, wajua kwamba hata ukimya hurekodiwa? Kila chumba kina mvumo wake: friji, upepo, barabara ya mbali. Kabla ya kufungasha vyombo, fundi sauti huwaomba wote wasitikisike kwa nusu dakika hivi, akanasa mvumo huo. Mhariri huutumia kuziba mapengo kati ya maneno ya waigizaji. Akiusahau, watazamaji hugeuka kuangalia kama spika imekatika.