Harusi ya Waswahili Stockholm: mjini, kisiwani au shambani?

Anayetaka kufika Hagsätra hahitaji ramani. Hupanda treni ya chini ya ardhi ya njia ya kijani katikati ya mji wa Stockholm, akaketi, akangoja mpaka reli iishe. Kitongoji hiki cha kusini mwa mji mkuu wa Sweden kilijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na kituo chake cha treni kilifunguliwa Desemba mwaka 1960. Msikilizaji atakayeshuka hapo ataona majumba ya ghorofa, maduka yaliyozunguka uwanja mdogo wa wazi, kiwanja cha michezo, na msitu unaoanza pale nyumba zinapokoma. Kama ilivyo katika vitongoji vingi vya upande huu wa mji, majirani wa ngazi moja huweza kuwa wametoka katika nchi mbalimbali, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zao.

Katika makala haya tunalitazama swali linalozishughulisha familia za Waswahili zilizohamia huku mara tu posa inapokubaliwa: harusi ifanyike wapi?

Nyumbani swali hili halikuwa na uzito mkubwa. Mombasa, hema husimamishwa barabarani mbele ya nyumba, na mtaa mzima ukajua kwamba siku hizo magari hayapiti. Unguja, nikaha hufungwa msikitini, wanawake wakakusanyika nyumbani kwa bi harusi, na siku ya kumtoa nje ukakodiwa ukumbi. Dar es Salaam, kamati ya harusi ndiyo iamuayo kwa kupima michango: ikijaa, wataenda Diamond Jubilee, isipojaa, watatafuta ukumbi wa jirani. Mahali palifuata watu. Stockholm mambo yamegeuka. Mahali ndipo panapoamua waje watu wangapi, wakae vipi, wale nini na waondoke saa ngapi.

Na mji wenyewe una vishawishi. Mashariki yake, katika bahari ya Baltic, vimetapakaa visiwa vipatavyo 30,000, vidogo kwa vikubwa, vingine ni majabali tu yanayochungulia majini. Kusini, katika jimbo la Sörmland, kuna mashamba, maziwa, na majumba makubwa ya mabwanyenye wa zamani ambayo leo hukodishwa kwa sherehe. Vijana waliokulia Hagsätra huzijua harusi za namna hiyo kutoka kwa waliosoma nao: bi harusi akipigwa picha gatini, upepo ukimpeperusha shela. Si ajabu wakatamani. Mtoto wa Kilamu au wa Kipemba, hata akizaliwa Sweden, akiona gati na mashua moyo humwenda mahali. Ingawa bahari ya huku ina tabia za ajabu kwetu sisi: haina maji kujaa na kupwa kwa kuonekana, na chumvi yake ni haba.

Sheria kabla ya mandhari

Hata hivyo, kabla ya mandhari ipo sheria. Wanaotaka kuoana Sweden huomba kwanza uchunguzi wa vizuizi vya ndoa kwa Skatteverket, idara ya kodi, ambayo ndiyo pia itunzayo daftari la wakazi. Cheti wanachopewa hudumu miezi minne. Umri wa chini ni miaka 18, na tangu mwaka 2014 hakuna ruhusa maalumu ya kushuka chini ya hapo. Anayefungisha ndoa sharti awe na kibali: ama ameteuliwa na serikali ya mkoa kufungisha ndoa za kiserikali, ama anatoka katika jumuiya ya dini iliyopewa ruhusa hiyo. Si kila shehe na si kila mchungaji anayo.

Sheria haisemi neno juu ya paa. Ndoa yaweza kufungwa ufukoni, bustanini au sebuleni. Inachodai ni kwamba wawepo mashahidi, na kwamba bwana harusi na bi harusi wawe mbele ya mfungishaji kwa wakati mmoja, kila mmoja aulizwe na ajibu kwa kinywa chake. Kwa familia za pwani, kifungu hiki kidogo ndicho chenye uzito kuliko vyote. Desturi yetu ni kwamba bwana harusi na walii hukutana msikitini mbele ya wanaume, naye bi harusi yuko ndani, ameshaulizwa na ameshakubali. Kidini nikaha imekamilika. Kwa dola la Sweden, hapajafungwa ndoa.

Athari zake si za karatasi tu. Mume akifariki, mwanamke ambaye ndoa yake haitambuliwi harithi kama mjane. Kwa hiyo wengi hugawanya shughuli. Ya serikali hufanyika siku yake, pengine katika Stadshuset, jengo la halmashauri ya mji lililozinduliwa mwaka 1923, ambalo kila Desemba 10 huandaliwa karamu ya tuzo za Nobel. Ndoa hapo huchukua dakika chache, na chumba hakichukui ukoo mzima. Nikaha nayo huenda msikitini. Msikiti mkubwa wa Stockholm, ulio katika jengo la mwaka 1903 lililokuwa kituo cha umeme na kufunguliwa kuwa msikiti mwaka 2000, uko Medborgarplatsen, penye kituo cha njia ileile ya treni itokayo Hagsätra. Wakristo wana wepesi zaidi. Kanisa la Sweden, lililotengana na dola mwaka 2000, bado lina kibali, na kanisa la Brännkyrka, ambalo historia yake inarudi karne ya 12, liko Älvsjö, jirani kabisa. Sharti ni kwamba angalau mmoja wa wanaooana awe muumini wake.

Ikishafungwa ndoa, inabaki karamu. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Hesabu ya watu

Harusi ndogo ya Kiswahili ni watu 150. Nasema hivyo si kwa mzaha. Kanuni za Sweden za kujikinga na moto huanza kuuhesabu ukumbi kuwa wa mikusanyiko mikubwa pale watu wanapozidi idadi hiyohiyo, na ukumbi wa namna hiyo huwekewa idadi ya mwisho ya watu wanaoruhusiwa kuwamo. Idadi hiyo si ushauri. Mwenye ukumbi huisimamia, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa.

Mswedi hana shida na hili. Kadi yake ya mwaliko humtaka mwalikwa ajibu kabla ya tarehe fulani, kila kiti kina jina, na asiyejibu hana kiti. Kadi yetu huandikwa "Bwana na Bibi Fulani na familia", na neno familia halijawahi kuwa na kikomo. Mtu aliyeishi ugenini miaka 20 ana watu asioweza kuwaacha: waliompokea uwanja wa ndege, waliomlelea watoto alipokuwa zamu ya usiku, waliochanga siku ya msiba wake. Hao hawaulizwi kama watakuja. Ukumbi wa watu 80, hata uwe na dirisha linalotazama bahari, maana yake ni kuketi na kalamu na kuwafuta mmoja mmoja. Ninavyoona mimi, ugomvi mwingi wa maandalizi ya harusi huku hautokani na fedha. Unatokana na kalamu hiyo.

Kisiwani

Tuchukue sasa kisiwa. Visiwa kama Utö na Sandhamn vina nyumba za wageni zilizozoea sherehe, na katika kiangazi ni pazuri kweli. Lakini mtu hufika huko kwa meli ya abiria yenye ratiba, na ratiba hiyo hubadilika kwa majira. Harusi yetu ndiyo kwanza inapamba moto usiku, wakati meli ya mwisho imeshaondoka. Mwenyeji basi hulazimika kuwapangia wageni malazi, au kukodi chombo cha kuwarudisha, na gharama ya kichwa kimoja hupanda mara kadhaa. Bibi mwenye magoti mabovu, mama mwenye watoto watatu, dereva wa teksi anayeingia zamu alfajiri: hao wameshatengwa bila jina lao kufutwa popote.

Wako wanaosema, basi twende ufukoni tu, kwani Sweden ardhi ni ya wote. Haki hiyo ipo. Huitwa allemansrätten, na mwaka 1994 ilitajwa katika katiba. Humruhusu kila mtu kupita katika msitu na ufuko wa mwingine, kuchuma matunda ya porini, hata kupiga hema kwa usiku mmoja, mradi asiharibu wala kusumbua. Haikutungwa kwa ajili ya meza 20, jenereta na vipaza sauti. Mkusanyiko wa namna hiyo unahitaji idhini ya mwenye ardhi, na ukiwa mahali pa umma huhitaji kibali cha polisi. Kupiga picha ufukoni, sawa. Kulisha watu pilau, hapana.

Jumba la kifahari na jiko lake

Majumba ya mabwanyenye huko Sörmland yanafikika kwa gari, na hilo ni jambo jema. Tatizo lake ni jiko. Mengi huukodisha ukumbi pamoja na chakula, vinywaji na wahudumu wao, na faida yao iko humo hasa. Familia inayotaka nyama iliyochinjwa kwa sheria ya Kiislamu, pilau iliyopikwa na mama wenyewe, na siku ya wanawake isiyokuwa na mwanamume hata mmoja mlangoni, yapasa iulize mapema na ipate jibu kwa maandishi. Mhudumu wa kiume akiingia na sinia wakati bi harusi amefunuliwa, sherehe imeharibika, na hakuna punguzo la bei litakaloirudisha.

Wala isidhaniwe kwamba masufuria yataweza kutolewa nje na kuwekwa juu ya mafiga. Katika kiangazi kikavu mamlaka hupiga marufuku moto wa nje. Mwaka 2018, misitu ya Sweden ilipoungua vibaya, marufuku hiyo ilienea sehemu kubwa ya nchi. Mpishi wa watu 250 anahitaji jiko la ndani, lenye meko ya kutosha na umeme wa kuyahimili. Hilo ndilo swali la kwanza la kumwuliza mwenye ukumbi, kabla ya kuuliza rangi ya mapazia.

Majumba ambayo hayapigwi picha

Kuna aina ya tatu, ambayo haionekani katika majarida ya maharusi. Vyama vya wafanyakazi vya Sweden vilianza kujijengea majumba ya mikutano mwishoni mwa karne ya 19, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwakodisha ukumbi. La kwanza, katika mji wa Kristianstad, ni la mwaka 1890. Huitwa Folkets Hus, yaani nyumba ya watu, na Rågsved, kituo kimoja tu kutoka Hagsätra, ina yake. Wakulima nao walijenga ya kwao vijijini, bygdegård, ambayo mwaka 1944 yaliunda umoja wa kitaifa. Ni majumba ya mbao, mara nyingi yamezungukwa na mashamba na msitu, yana jukwaa, meza na viti vya kukunja, na jiko lililotengenezwa kwa ajili ya kulisha kijiji.

Nyumba za namna hii ndizo zinazoifaa harusi yetu kuliko kisiwa na kuliko kasri. Unapewa ufunguo. Unapika mwenyewe, unachagua nani aingie, na vigelegele vya usiku wa manane havimwamshi jirani asiyekuwapo. Bei yake huwa ya chini. Lakini lazima nitaje masharti yake mawili. La kwanza ni usafi: ukumbi hurejeshwa umefagiliwa, umepigwa deki, vyombo vimeoshwa na takataka zimeondolewa, wala si kesho mchana bali kwa saa iliyoandikwa katika mkataba. Kamati isiyoteua kikosi cha usafi kabla ya harusi itapoteza amana yake. La pili ni usafiri. Treni za chini ya ardhi za Stockholm hukesha usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, lakini haziendi kijijini. Basi moja la kukodi, la kuwarudisha watu mpaka Hagsätra, ligharimiwe kama sehemu ya ukumbi.

Majira nayo yasisahauliwe. Mwishoni mwa Juni jua la Stockholm hutua baada ya saa nne usiku na kuchomoza kama saa tisa na nusu. Wanaotaka kuswali magharibi ndipo bi harusi aingie watangoja sana, na taa za rangi hazitaonekana. Desemba, jua hutua kabla ya saa tisa alasiri, barabara za mashamba zina barafu, na wageni wote wanahitaji mahali pa kuvulia makoti na viatu. Mei mwishoni na Agosti zina nafuu.

Ziko pia familia zinazokata shauri kwamba yote haya ni mazito, na kuipeleka harusi Unguja, Mombasa au Lamu. Ni uamuzi wa busara kwa wenye wazee wasioweza kusafiri. Ila kifungu kile cha sheria huwafuata: tangu Julai mwaka 2014, ndoa iliyofungwa nje bila wote wawili kuwapo kwa pamoja, hali mmoja wao ni raia au mkazi wa Sweden, kwa kawaida haitambuliwi. Bi harusi wa Hagsätra anayeolewa Unguja naye awepo pale nikaha inaposomwa.

Na kwa watakaobaki Stockholm na kuwaalika jamaa kutoka Afrika Mashariki, hesabu ya tarehe ni hii. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa mapema zaidi miezi sita kabla ya safari, na cheti cha Skatteverket hudumu minne. Jumamosi za kiangazi katika kumbi nzuri hushikwa kabla ya hapo. Basi ukumbi hushikwa kwanza, viza hufuata, cheti huombwa mwisho, na kabla ya kulipa amana iulizwe tarehe ya mwisho ya kuvunja mkataba bila hasara, maana jibu la viza ya bibi na mashangazi huenda likaja baada ya tarehe hiyo.