Je, Wajua? Ua Lisilo na Haraka

Ua la mlangilangi, mti wa nyua nyingi za Unguja na Pemba, huchanua likiwa kijani na karibu halina harufu, hata zipite wiki mbili au tatu ndipo ligeuke manjano na kutoa manukato yale yaliyowafanya Wafaransa waupande kwa wingi visiwani Komoro. Wautazamao tangu masika hadi vuli hujua kwamba hutoa maua mwaka mzima, yakizidi baada ya mvua. Asumini, kwa upande wake, haina subira kabisa: hufumbuka magharibi inapoingia, ikaanza kunyauka kesho yake, na kwa sababu hiyo mabibi wa pwani, wenye maarifa kuliko wengi wetu, huichuma alasiri ingali tumba, ipate kufumbukia ndani ya kikuba, kile kishada cha kunukia wakivaacho.