Dawa Inapomkataa Mgonjwa: Istilahi na Madhara ya Dawa za Shinikizo la Damu Matayos

Mgonjwa wa Matayos, katika Kaunti ya Busia, anapopata matatizo yanayotokana na dawa, ni nadra kusema kuwa amepata madhara. Aghalabu husema, "Dawa hii inanikataa." Kauli hii inaipa dawa hiari, kana kwamba ni mgeni aliyeingia mwilini akakosa kuelewana na mwenyeji. Makala haya yanaichunguza kauli hiyo na istilahi zinazohusiana nayo kwa kurejelea dawa za shinikizo la damu.

Uteuzi wa maradhi haya una sababu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulibaini kuwa takribani robo ya Wakenya wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu walikuwa hawajawahi kupimwa. Fauka ya hayo, ugonjwa huu kwa kawaida hauumi. Anayepewa vidonge leo huenda alikuja kliniki akiwa mzima kabisa kwa hisia zake, na akaanza kujihisi mgonjwa baada ya kuvimeza. Katika hali kama hiyo ni vigumu kumlaumu anapoamini kuwa dawa ndiyo ugonjwa.

Tatizo la kwanza li katika jina la ugonjwa wenyewe. Vitabuni na katika matangazo ya wizara huitwa shinikizo la damu. Sokoni, katika bodaboda na hata ndani ya kliniki, huitwa presha. Neno presha limepanuka kimaana likabeba pia wasiwasi, hasira na mzigo wa karo. Mtu husema mtoto wake anampa presha. Upanuzi huu wa maana ni jambo la kawaida katika lugha, lakini hapa una gharama, kwa kuwa mgonjwa anayeielewa presha kama fadhaa huimeza dawa siku anayofadhaika na kuiacha siku anayotulia.

Tatizo la pili ni jina la kile dawa inachokifanya bila kukusudiwa. Kenya hutumia zaidi madhara. Mzizi wake ni dhara, neno la asili ya Kiarabu ambalo halina upande mwema: kilichokudhuru kimekuumiza. Athari, nalo la asili hiyo hiyo, ni neno pana zaidi, kwani kitu kinaweza kuwa na athari nzuri au mbaya. Nchini Tanzania, wahudumu wa uzazi wa mpango wamezoea kusema maudhi madogo madogo. Istilahi hii ya tatu inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyoangaliwa. Kinachoudhi kinasumbua, ila hakivunji mfupa, na mtu anaweza kuamua kukivumilia. Hata hivyo, haifai kutumiwa kwa kila hali. Midomo na ulimi vinapovimba ghafla baada ya kumeza enalaprili, hayo si maudhi. Ni hatari inayoweza kuziba koo, nayo huwapata watu weusi mara nyingi zaidi kuliko weupe. Msamiati wa mhudumu hauna budi kuwa na ngazi: maudhi, madhara, hatari.

Mfano bora wa umuhimu wa ngazi hizo ni kikohozi. Enalaprili, kaptoprili na jamaa zao huzuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza kemikali ya kubana mishipa ya damu. Kimeng'enya hicho hicho ndicho huvunja kemikali nyingine iitwayo bradikinini. Kinapozuiwa, bradikinini hurundikana katika njia ya hewa na kuwasha koo. Mgonjwa hukohoa kikohozi kikavu kisicho na makohozi, hasa usiku. Kinaweza kuanza siku chache baada ya dawa au miezi kadhaa baadaye, na hukoma wiki chache baada ya dawa kubadilishwa. (Dawa hizi, kwa njia, zilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili.) Kaptoprili iliidhinishwa Marekani mwaka 1981, lakini uhusiano wake na kikohozi haukutambuliwa mara moja. Ulidhihirika miaka kadhaa baadaye, kutokana na taarifa za wagonjwa waliokuwa wakikohoa na madaktari waliojali kuuliza.

Katika Matayos, kikohozi cha mwezi mzima kina tafsiri moja ya haraka: kifua kikuu. Mgonjwa hutumwa kupima makohozi ambayo hana. Majirani huanza kumkwepa. Akipewa dawa za kuua bakteria, hazisaidii, kwa sababu hakuna bakteria wa kuuawa. Kupima kifua kikuu ni sahihi, na hakuna anayepaswa kuachwa bila kipimo hicho. Kosa ni kutouliza, sambamba na kipimo, "Unameza dawa gani, na ulianza lini?"

Amlodipini nayo hutanua mishipa midogo, na maji huvuja kuelekea vifundo vya miguu. Uvimbe huonekana zaidi jioni, na huongezeka kipimo kinapopandishwa kutoka miligramu 5 hadi 10. Wapo wanaodhani figo zimekufa. Wapo wanaoshuku kuwa wametegewa kitu njiani wakakikanyaga. Dawa hii haiachwi kirahisi kwa sababu inafaa: utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 728 wa nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kuwa michanganyiko yenye amlodipini ilishusha shinikizo vyema kuliko ule usiokuwa nayo. Haidroklorothiazidi huongeza mkojo, na dereva wa lori anayejua atakwama katika foleni ya Malaba huiacha nyumbani bila kumwambia yeyote.

Lipo jambo moja ambalo wanaume hawalisemi: kupungua kwa nguvu za kiume. Mwaka 2003 watafiti wa Italia waliwapa wanaume 96 atenololi. Katika kundi lisilojua jina la dawa, takribani 3 kwa kila 100 walilalamikia tatizo hilo. Katika kundi lililojua jina tu, walikuwa kama 16. Katika kundi lililoambiwa pia kuwa dawa huenda ikawapunguzia nguvu, walikuwa 31. Kidonge kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni maneno. Kwa mwanafunzi wa pragmatiki, huu ni ushahidi kwamba usemi unaweza kutenda ndani ya mwili. Haumaanishi kuwa mgonjwa afichwe ukweli. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Unamaanisha tu kuwa kati ya "itakumaliza nguvu" na "wachache hupata tatizo hili, likikupata rudi tubadilishe" kuna pengo ambalo linaamua nani atarudi.

Taarifa za madhara hukusanywa na Bodi ya Dawa na Sumu. Kenya ilijiunga mwaka 2010 na mpango wa Shirika la Afya Duniani ambao hifadhi yake ya taarifa iko Uppsala, Uswidi. Fomu ya njano inayojazwa na mhudumu ni ya Kiingereza. Kauli iliyotolewa kwa Kikhayo, kwa Kiteso au kwa Kiswahili cha mpakani lazima ivuke lugha kabla ya kuvuka bahari. "Inanikataa" haina kisanduku katika fomu hiyo. Mhudumu asipoifumbua, huandika kwenye kadi kwamba mgonjwa hafuati matibabu, na hapo taarifa kuhusu dawa inageuka kuwa shutuma dhidi ya mtu.

Mpaka huongeza utata. Baadhi ya wagonjwa hununua vidonge upande wa Uganda vinapokosekana Kenya, au kinyume chake. Vikiwa vimetolewa kwenye pakiti na kutiwa katika bahasha ndogo iliyoandikwa 1×1, havina jina la mtengenezaji wala nambari ya toleo, mambo ambayo fomu huyauliza. Hapo hubaki mazungumzo tu: kidonge kilikuwa cha rangi gani, kilimezwa asubuhi au usiku, kikohozi kina makohozi au ni kikavu, miguu huvimba jioni au kutwa nzima, na dawa ilipoachwa, ni nini kilichokoma.