Mtu wa Wapi? Majina ya Watu Yatokanayo na Nchi Zao

Shikeni kalamu na daftari, maana leo tutachungua jambo litokalo vinywani mwetu kila siku: jina tumpalo mtu kwa ajili ya mahali atokako.

Tuanze na lililo jepesi. Katika Kiswahili mtu mmoja huchukua M-, watu wengi Wa-, na lugha yao Ki-. Mhaya, Wahaya, Kihaya. Mnyambo, Wanyambo, Kinyambo. Wewe wa Kimuli wajua ya kuwa nyumbani husemwa Omunyambo na Abanyambo. Sauti zimebadilika kidogo tu, desturi ni ile ile. Sasa tazama jina Mnyarwanda. Nchi ni Rwanda. Je, hiyo -nya- ya katikati imetoka wapi? Ni silabi ya lugha za upande wetu huu wa ziwa, nayo maana yake ni "wa mahali fulani". Ndiyo iliyomo katika Mnyankole, yaani mtu wa Nkore, nchi ambayo Waingereza waliizoea kwa jina la Ankole. Kiswahili kiliyapokea majina hayo pamoja na -nya- yake.

Lakini yafaa kuuliza pia ni nani aliyelitoa jina. Kwa Kinyamwezi neno sukuma ni kaskazini, na dakama ni kusini. Basi Wasukuma ni watu wa kaskazini, na wenzao wa kusini waliitwa Wadakama. Kaskazini ya nani? Ya yule asemaye! Mtu aliyesimama Mwanza haoni kwamba yuko kaskazini. Aona yuko nyumbani. Jina la namna hii latuonyesha aliposimama mtoaji kuliko akaapo mwenye kuitwa.

Tena jina moja laweza kubeba mizigo miwili. Chukua neno Mganda. Watu wa pwani waliita ufalme wa Buganda kwa matamshi yao, Uganda, na Waingereza wakalichukua jina hilo kwa nchi nzima. Leo Buganda ni sehemu moja tu ya Uganda. Basi Mnyankole wa Mbarara, akivuka mpaka kuja kununua ndizi Kyerwa, sisi humwita Mganda. Akirudi kwao akijiita Mganda watamcheka, kwa kuwa huko jina hilo ni la watu wa Kabaka. Kwa pasi ya kusafiria ni Mganda. Kwa kabila siye. Hapo hapana aliyesema uongo, ila mizigo miwili imefungwa kwa kamba moja.

Sasa tufike hapa nyumbani, maana hapa jambo hili si la mzaha. Machafuko yaliyoanza Rwanda mwaka 1959 yaliwaleta wakimbizi wengi upande wetu, na katika miaka ya 1960 Kimuli palikuwa na makazi yao, kama vile Nkwenda. Mwaka 1980 Serikali ilifungua mlango wa uraia kwa maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliokuwa nchini. Wazee wao wamezikwa hapa. Wajukuu wamesoma shule zetu, wanapalilia migomba na kahawa, na sokoni bado waitwa Wanyarwanda. Jina hilo si kosa ikiwa lataja asili ya babu, au lugha isemwayo jikoni. Kosa laingia pale mtu asemapo: "Huyu ni Mnyarwanda, kwa hiyo si raia." Hiyo "kwa hiyo" haina msingi.

Mwaka 2013, katika operesheni iliyoitwa Kimbunga, maelfu ya watu waliondolewa katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kwa kuhesabiwa kuwa wahamiaji wasio na kibali, na baadhi yao walisema kwamba wao ni raia. Sisemi kwamba kila aliyevuka mto Kagera ni raia. Wako wasio raia, na sheria ina njia yake kwao. Nasema kwamba jina la kabila haliwezi kufanya kazi ya hati. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yatambua njia tatu: kuzaliwa, kurithi na tajnisi. Kabila halimo. Hata sensa zetu zimeacha kuuliza kabila. Ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kufanya hivyo.

Majirani wamelishughulikia jambo hili kwa namna zao. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yawataja Banyarwanda miongoni mwa jamii za asili za nchi ile. Katika Kongo ya mashariki, watu wa milima ya Uvira wasemao lugha iliyo karibu na Kinyarwanda walishika jina Banyamulenge, yaani watu wa Mulenge. Mulenge ni mahali katika milima hiyo. Tazama ile -nya- tena! Walichagua jina lenye kutaja wakaako, wasichanganywe na wakimbizi waliokuja baadaye. Hata hivyo jina halikuwamalizia ubishi. Uraia wao umegombaniwa miaka mingi.

Zoezi la juma hili. Katika kikundi chenu, kila mmoja aandike majina yote ya mahali ambayo watu humwitia: kijijini, sokoni, Bukoba mjini, Dar es Salaam, na ng'ambo ya mto. Kando ya kila jina aandike ni nani amwitaye hivyo. Akiisha, apige mstari, na chini yake aandike neno moja la uraia wake, pamoja na hati aliyo nayo ya kuthibitisha. Asiye na cheti cha kuzaliwa amweleze mwalimu wa kikundi, naye atamwonyesha ofisi ya wilaya ya kwenda kuuliza.