Kabla ya kumwinda mbweha, soma ardhi

Wilayani Chemba, mfugaji akimkosa mwanambuzi alfajiri, vijana huita mbwa, hushika mikuki na kuingia porini kabla hawajajua wanamfuata nani. Kwa anayejifunza uwindaji, kosa huanzia hapo. Wasandawe wa Farkwa, Kwamtoro na Sanzawa, waliosifika kwa upinde na mishale, walianza na ardhi: nani kapita, saa ngapi, upepo unavuma kutoka wapi.

Mbweha mwenye mgongo mweusi ana uzito wa kilo 6 hadi 13 tu. Mbuzi mkubwa mwenye afya hamwezi kirahisi. Huvizia mtoto aliyeachwa nyuma, na mara nyingi hukutwa akila mzoga ambao hakuua yeye. Unyayo wake ni kama wa mbwa mdogo, kucha zikionekana vumbini. Chui hukunja kucha atembeapo, hivyo alama zake hazionekani. Fisi ana unyayo mkubwa, wa mbele ukiuzidi wa nyuma, na kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya mifupa anayotafuna. Ukikuta mfupa wa paja wa mbuzi mkubwa umevunjwavunjwa, mwondoe mbweha kwenye orodha ya watuhumiwa. Taya hilo hana.

Kisha kuna sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwinda bila leseni, hata kama babu yake aliwinda vichaka hivyohivyo. Tena Chemba kuna Pori la Akiba Swaga Swaga, na ndani ya pori hilo huingii na mbwa na mkuki kwa kisingizio cha kufuata nyayo. Mnyama akivamia mifugo, toa taarifa kwa serikali ya kijiji na kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Sumu kwenye mzoga naipinga kwa nguvu zote. Haichagui: humwua mbweha, tumbusi, mbwa wa jirani, na huweza kumfikia mtoto anayechunga.

Hata risasi haimalizi tatizo. Mbweha huishi dume na jike, na utafiti wa Patricia Moehlman kule Serengeti, uliochapishwa mwaka 1979, ulionyesha kwamba baadhi ya watoto wa uzao uliopita hubaki kuwasaidia wazazi kulea wadogo zao, hivyo kumwua mmoja hakuimalizi familia. Marekani nako, binamu yake koyote amewindwa na kutegwa kwa zaidi ya karne moja, lakini ameenea mpaka mijini.

Kwa hiyo nguvu ielekezwe zizini. Ziba kwa miiba mirefu, usiache tundu chini, maana mbweha hupenya pembamba na huchimba. Mbuzi wanaozaa wazae ndani. Watoto wasiende malishoni mbali kabla hawajapata miguu ya kukimbia na kundi.

Na mbweha anayekujia mchana bila woga, anayepepesuka au kutoa mate, usimkaribie kabisa. Huenda ana kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Wafugaji wa Chemba, wachanjeni mbwa wenu kila mwaka, kwa kuwa wao ndio hukutana na mbweha kabla yenu.