Je, Wajua? Mawese Huinua Shaba

Mafuta ya mawese, yale yale ya kuungia mboga, yametumika kuinua shaba kutoka kwenye tope viwandani Katanga, Kongo!

Madini ya kijani yenye shaba, yaitwayo malakiti, husagwa yakawa unga, kisha hutiwa maji. Mawese nayo huvunjwa kwanza ili yatoe asidi zake. Molekuli ya asidi hiyo ina ncha mbili. Ncha moja hung'ang'ania shaba. Nyingine, yenye asili ya mafuta, huyakimbia maji. Molekuli nyingi zikijipanga hivyo, chembe nzima hufunikwa na tabaka jembamba mno, lisiloonekana kwa macho. Hewa ikipulizwa, chembe hunata kwenye kiputo na kupanda nacho hadi kwenye povu. Mchanga hubaki chini. Ni ajabu kweli: jiwe lililo zito kuliko maji linaelea.

Makaa ya mawe nayo huelea kwa njia hii, tena ni rahisi zaidi kushughulikia. Uso wake hupenda mafuta tangu asili. Kilo moja hivi ya dizeli au mafuta ya taa yaweza kutosha tani nzima ya unga wa makaa.

Lakini makaa yasicheleweshwe! Yakikaa wazi, oksijeni huukamata uso wake, maji yakaulowesha, na mafuta yakakosa pa kushika.

Ujuzi huu una umri mkubwa. Ndugu wawili wa ukoo wa Bessel, huko Dresden, Ujerumani, walipata hataza ya kusafisha grafiti kwa mafuta mwaka 1877.