Dakika Tatu za Kusubiri Hewa Itulie

Simama jioni kando ya Ziwa Shakababo, karibu na Garsen, huenda ukawaona wari wakirudi malaloni. Ndege hawa wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo hawaendi shaghalabaghala. Hujipanga mshazari, kila mmoja nyuma ya mwenzake na pembeni kidogo. Wa mbele hupiga mabawa mara kadhaa, kisha akayatandaza na kuteleza. Wa nyuma naye hivyo hivyo, mpaka mwisho wa mstari.

Kiswahili humwita mwari ndege, na chombo kinachotua Malindi pia ndege. Kwa hili ninalolieleza, jina hilo moja linafaa kabisa, kwa kuwa bawa ni bawa, liwe la manyoya au la bati.

Bawa hubeba kwa sababu kanieneo ya hewa iliyo chini yake ni kubwa kuliko ya iliyo juu. Kwenye ncha hakuna cha kuizuia hewa ya chini, basi huponyoka, ikapinda kwenda juu na kuanza kuzunguka. Hapo huzaliwa kisulisuli kimoja kwa kila bawa. Ni ndugu wa kile cha vumbi tunachokiona malishoni wakati wa kiangazi, ila hivi viwili vimelala, kama kamba ndefu zinazoburutwa nyuma ya ndege. Katikati ya kamba hizo hewa hushuka. Nje yake hupanda. Mwari huliweka bawa lake pale hewa inapopanda, akabebwa. Mwaka 2001 watafiti walichapisha vipimo vya mapigo ya moyo wa wari weupe: anayeruka kwenye msafara moyo wake ulipiga polepole kuliko wa anayeruka peke yake.

Wanyunyizaji wa dawa mashambani wanavijua visulisuli hivi vizuri. Kwenye ndege zao, bomba la dawa halifikishwi kwenye ncha ya bawa. Likifikishwa, kisulisuli huinyakua dawa na kuipeleka kusikokusudiwa.

Kinachomfaa mwari kinaweza kumpindua rubani. Nguvu ya visulisuli hutokana na uzito, na huongezeka ndege inapokwenda polepole. Caravan, ile ya injini moja inayotua kwenye viwanja vya murramu, uzito wake ni kama tani 4. Dreamliner, ndege kubwa ya abiria, inaweza kugusa ardhi ikiwa na tani 170. Ndege ndogo ikiingia ndani ya kisulisuli cha kubwa, bawa moja husukumwa juu na jingine chini, na huenda usukani wote wa rubani usitoshe kulirudisha. Rubani akiwa juu sana ana nafasi ya kujiokoa. Akiwa futi 100 kutoka ardhini, hana.

Ndivyo ilivyokuwa Fort Worth, Marekani, tarehe 30 Mei 1972. Ndege ya DC-9 iliyokuwa kwenye mazoezi ilikuja kutua nyuma ya DC-10, iliyo kubwa zaidi, ikabingirika karibu na ardhi, bawa likagonga njia ya kutulia. Watu wote 4 waliokuwamo walikufa. Ajali ile ilichangia sana kukazwa kwa kanuni za umbali kati ya ndege kubwa na ndogo.

Hata juu angani hakuna kinga kamili. Januari 2017, juu ya Bahari ya Arabuni, ndege ndogo ya Challenger iliyotoka Maldivi kwenda Abu Dhabi ilipita futi 1,000 chini ya ndege kubwa ya abiria, Airbus A380. Ilibingirika zaidi ya mara moja, ikaporomoka maelfu ya futi, abiria wakaumia. Marubani waliifikisha Muscat, lakini haikuruka tena.

Linaloshangaza wengi ni kwamba hewa tulivu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kusi ikivuma sawasawa, visulisuli huvunjika upesi. Wakati wa maleleji, bahari ikiwa shwari na abiria wakishukuru kwamba safari ni laini, vinaweza kudumu dakika mbili au tatu. Hushuka taratibu, futi 300 hadi 500 kwa dakika, na vikikaribia ardhi hutambaa kila kimoja upande wake. Upepo mdogo wa ubavuni ni mbaya kwa namna yake: hukizuia kimojawapo kisiondoke, kikabaki palepale juu ya njia ya kutulia.

Viwanja vya kaunti ya Tana River, kama cha Hola, hupokea ndege nyepesi, kwa hiyo tatizo hukutwa upande wa pili wa safari. Malindi hutua Dash 8 za mapangaboi, karibu tani 30. Kimataifa, ndege isiyozidi tani 7 huhesabiwa nyepesi, na ikifuata ya kundi la kati kutua, muda uliowekwa ni dakika 3. Rubani anayeiona kubwa mbele yake naye ana mbinu yake: hukaa juu ya njia aliyoshukia mwenziwe, akagusa ardhi mbele ya pale alipogusa yule, kwa kuwa matairi yakishatulia chini bawa huacha kubeba, na visulisuli hukoma kuzaliwa.

Basi Caravan yako ikizunguka mara moja zaidi juu ya mlango wa Sabaki, na mtu wa kiti cha mbele akaanza kutazama saa, mwonyeshe Dash 8 iliyotua sasa hivi. Kati yenu na njia ile kuna kamba mbili za upepo ambazo hakuna jicho linaloziona, na bado hazijakatika.